Tulivyofuata Maji ya Lukwele Dar es Salaam

Nyie ndugu zangu wa Turiani, kila anayepanda basi kuja huku mnampa salamu aniulize kama ni kweli nilikamatwa Dar es Salaam. Sikukamatwa. Askari alikuja, akasimama mlangoni, akaondoka zake. Mwingine kawaambia nilikalia kiti cha bwana mkubwa. Hilo ni kweli, na kiti chenyewe kilikuwa kizuri. Sasa kwa kuwa kila mtu anasimulia ya kwake, na cheti cha kisomo cha watu wazima ninacho, nimekitundika ukutani karibu na Bikira Maria, nimeona niandike mwenyewe. Anayetaka kucheka herufi zangu aje anichekee usoni.

Nyie mlihama Lukwele mapema, hamjui yaliyotukuta. Ile chemchemi yetu chini ya mlima haipo tena. Wenye reli walikuja kupasua mwamba kwa baruti, wapate kokoto za kutandika chini ya mataruma. Walipasua vizuri sana. Nyumba zikaingia nyufa za kupitisha mkono, yangu ikiwamo, na siku moja mlima ukateremka ukaifukia chemchemi. Watu wa genge la reli, wale wanaotengeneza njia ya treni, nao walikuwa wakichota hapo hapo, kwa hiyo tulikauka pamoja, wao na sisi. Mwanzoni treni ikawa inatuletea behewa la maji. Likaja, likaja, halafu likaacha, bila kuaga. Tukabaki kupanda hadi kwenye kijito cha juu kabisa, na magoti yangu mnayajua.

Kisha wakaja mabwana wa wilaya. Wakasema kijiji ambacho hakitakuwa na maji kiangazi hiki kitahamishiwa tambarare, njia ya Gairo. Mimi na watu wa Gairo hatuna ugomvi, karanga zao nazipenda. Lakini mama yangu hakuzikwa Gairo, na shamba la ukoo halibebeki kichwani.

Ndipo kijiji na genge wakakaa mkutano mmoja, wakachagua watu watatu waende wakadai maji, na fidia ya nyumba zilizopasuka.

Lukwele hadi Morogoro, kwa toroli

Wa kwanza alikuwa Pius, katibu wa kijiji, mtoto wa marehemu Agata. Mnamkumbuka alivyokuwa akilia kanisani hadi padri anasimamisha mahubiri. Siku hizi halii, anahutubia. Wa pili Mzee Maganga, mnyapara wa genge, Mnyamwezi wa Tabora ambaye amekaa kwetu tangu ana nywele. Wa tatu mimi. Walisema wananichagua kwa sababu ya busara. Uongo. Walinichagua kwa sababu sinyamazi.

Maganga ni mtani wangu. Nyie hilo mnalijua, ila wajukuu zenu waliozaliwa huko Turiani kwenye miwa huenda hawajaambiwa: Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na Msukuma kwetu ni Mnyamwezi aliyenenepa. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Ukifa, anakuja kulala kaburini mwako, anagoma kutoka mpaka akombolewe, ndipo uzikwe. Mimi na Maganga tumeshaahidiana. Kila mmoja anangoja mwenzake atangulie.

Tuliondoka alfajiri kwa toroli la genge, vijana wawili wanasukuma kwa mti, likishika kasi wanarukia. Nilikalishwa juu ya sanduku la spana. Maganga akawaambia vijana mzigo mzito uwekwe katikati, tusije tukaacha njia. Nikamjibu kwamba mizigo mizito ilibebwa na babu zake, wangu walikuwa wakikaa mlimani kuwatazama wakipita.

Katikati ya njia likasikika garimoshi la mizigo linakuja. Ikabidi toroli litolewe relini, na mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi. Maganga akawaamuru vijana waokoe kwanza mali ya serikali, ndio toroli, halafu mali ya Waluguru. Aliyenitupa kwenye majani ni Pius, ambaye hata hapo alikuwa anasoma kimoyomoyo hotuba aliyoandika ya kudai maji, midomo inacheza kama sungura.

Morogoro, stesheni

Pale stesheni karani mmoja alitusikiliza, akatuambia mambo ya behewa la maji hayakatwi Morogoro. Twende Dar es Salaam, makao yao, tumuulize Bwana Masanja. Yeye ndiye mwenye mabehewa ya maji.

Mimi na Maganga tukatazamana. Masanja! Jina la Kisukuma hilo, halina wasiwasi. Maganga akasema safari imekwisha, tunakwenda kwa ndugu yake. Nikamwambia anakwenda kwa ndugu yake, lakini mimi ninakwenda kwa mtani wangu, na mtani ana nguvu kuliko ndugu. Ndugu utamwomba akunyime. Mtani unamnyang'anya.

Treni ya bara ilikuwa ifike asubuhi. Karani akasema imeshatoka Kilosa. Tukala ndizi za kuchoma. Akina mama wa Mgeta wakashuka na vikapu vya kabichi, wakauza, wakapanda tena kwao. Nikaenda kuuliza, karani akasema imeshatoka Kilosa. Jua likapinda. Nikaenda tena. Imeshatoka Kilosa. Nikamwambia mwanangu, Kilosa ni kubwa kweli, kutoka tu kunachukua siku. Hakucheka. Watu wa stesheni hawana utani.

Ndani ya treni, daraja la tatu

Treni ilipofika ilikuwa imejaa Kigoma yote na nusu ya Tabora. Nikapata nafasi ya nusu tako pembeni mwa mama mmoja aliyepakata kibuyu kikubwa kama mtoto. Pius akasimama kwenye mlango, hotuba mfukoni. Maganga akakuta watu wa kwao, wakaanza kusemeshana Kinyamwezi na kunielekezea vidole.

Kiu ilinishika. Kiu ya Lukwele haikuachi hata ukiwa umetoka Lukwele. Nikamtazama yule mama, nikakitazama kibuyu, nikamwomba funda moja. Alinijibu kwa Kiha, anatabasamu, akatingisha kichwa. Nikaona ameniruhusu. Nikashika kibuyu, nikapiga funda la mtu mwenye kiu.

Yalikuwa mawese.

Sitaandika nilivyofanya, ila dirisha lilikuwa wazi, namshukuru Mungu, na aliyekuwa dirisha la nyuma anisamehe. Yule mama alipoona hivyo alicheka mpaka akalia, kisha akanipanguza mdomo kwa kanga yake mwenyewe kama mama yangu. Akanipa kipande cha muhogo kukata mafuta. Mpaka Ruvu tukawa marafiki wakubwa ingawa hakuna aliyemwelewa mwenzake. Nilimweleza habari zote za chemchemi na mlima na njia ya Gairo. Naye alinieleza yake, ndefu tu, na mahali pengine alisikitika sana, nikasikitika naye.

Ngerengere Maganga alinunua kuku wa kuchoma. Nikachukua paja bila kuomba. Abiria mmoja, fundi cherehani, akaniambia si vizuri kumwibia mzee mwenzangu. Maganga mwenyewe akamgombeza: huyu ni Mluguru wangu, mwache aibe, wewe una Mluguru gani?

Dar es Salaam, Gerezani

Tulilala kwa mpwa wake Maganga, fundi wa karakana, kwenye nyumba za reli Gerezani. Walitupikia wali wa nazi na samaki. Wali ulikuwa mtamu, ila kwangu mimi nazi ni ya kujipaka.

Kitu kimoja tu cha mji ule kinaniuma hadi leo. Uani pale kuna bomba. Asubuhi mtoto wa jirani alilifungua, akawa anaosha baiskeli, maji yanamwagika, yanakwenda zake mferejini, hakuna anayeyatazama. Nikaenda nikafunga. Akafungua. Nikafunga. Mke wa mpwa akatoka, akadhani ninaona haya kuomba kuoga, akanitekea ndoo nzima akaniwekea na sabuni. Sikuoga. Nilikaa naitazama ile ndoo. Maganga akapita, akanikuta hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania.

Ofisini

Sasa tufike mnapopataka.

Tulikaa kwenye benchi la nje mpaka benchi likatuzoea. Tarishi akatoka, akauliza tunamtaka nani. Bwana Masanja, tukasema. Akasema chumba chake ni kile pale, ingieni, bwana yupo.

Njiani Pius alitukumbusha mpango: tutasalimia, yeye atasoma hotuba, sisi tutatikisa vichwa. Nikasema sawa mjukuu wangu. Lakini mlango ulipofunguliwa, nikamwona mtu kasimama nyuma ya meza atupe mkono, mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Msukuma mwembamba. Nikajua mji umemmaliza. Na mbele yake birika la chai, linafuka moshi, limejaa maji mpaka shingoni.

Hotuba ya Pius ikanitoka kichwani. Nikaweka mikono kichwani, nikaanza kumlilia, kilio cha msiba hasa.

"Masanja wewe! Umekufa lini usituarifu? Umekauka hivi, na sisi wenye kukuzika tupo? Nimetoka Uluguru kuja kukuzika mwenyewe."

Nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti chake, nikakumbatia birika. Nikamwambia hapa ndipo kaburini, sitoki, na birika hili hulipati mpaka unikomboe, na sitaki fedha zako, nataka maji ya Lukwele. Maganga naye kwa nyuma akapokea kilio, akasema mwacheni alie, maiti ni yetu.

Msukuma yeyote hapo angenijibu. Angeniambia mimi ndiye maiti, ninanuka, niondoke kabla inzi hawajajaa. Huyu, wapi! Alirudi nyuma mpaka dirishani, jasho limemtoka, ananitazama mikono. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, nimekukosea nini? Nani amekutuma?"

Nikadhani anatania kwa njia ya mjini. Nikaongeza kulia, nikamwambia aliyenituma ni mizimu ya mlima. Hapo akamwita tarishi, tarishi akamwita askari. Na kabla askari hajafika yule bwana akaanza kusema haraka haraka kwamba behewa litakuja, wiki hii hii, maji yatakuja, ila niache hayo maneno na niinuke taratibu.

Pius uso ukamng'aa. Akanyoosha mkono tayari kushukuru. Lakini Maganga alikuwa ameacha kulia. Akamsogelea yule bwana, akavua kofia.

"Samahani, ndugu. Kwenu ni wapi?"

"Bukoba."

"Bukoba. Na Masanja?"

"Yuko likizo kwao. Mimi nimemshikia nafasi."

Jamani. Mhaya. Sisi na Wahaya hatuna hata ugomvi, sembuse utani. Nimeingia kwa mtu nisiyemjua, nimemwambia amekufa, nimekaa kwenye kiti chake, nimekumbatia birika lake, nimemtajia mizimu. Bibi mzee kutoka mlimani. Mtu wa watu alidhani nimekuja kumloga.

Pius akaninong'oneza kwa Kiluguru tuondoke, bibi, maji tumeshapata, tuondoke sasa hivi. Na kweli nilifikiri. Nilifikiri njia ya Gairo, na ile ndoo ya Gerezani. Lakini maji yaliyotolewa kwa kuogopa uchawi yatadumu mpaka jioni, akifika nyumbani akamsimulia mkewe. Na wajukuu zangu wataitwa wajukuu wa nani?

Nikainuka. Nikaweka birika mezani, nikapiga goti kama kwa askofu. Nikamwambia baba, mimi si mchawi, ni Mkatoliki. Nimekuchukulia kuwa ni mtani. Kwetu kwa mtani mtu anaomba kwa kunyang'anya, na kwa mgeni anaomba kwa kunyenyekea, na mimi kunyenyekea sikufunzwa vizuri. Nisamehe. Hayo maji uliyoahidi kwa hofu, nimekurudishia.

Nilimsikia Pius nyuma yangu anavuta pumzi kama aliyechomwa na mwiba.

Yule bwana akakaa kwenye kiti chake, akakipapasa kwanza. Akampungia mkono askari aende. Akajimiminia chai, akanywa. Kisha mabega yakaanza kumcheza, nikaona anacheka, anaficha uso kwenye kikombe. Alipomaliza akatukalisha, akamsikiliza Pius hotuba yote. Na Pius alisoma vizuri, nisiseme uongo. Mama yake angelia.

Halafu akatueleza ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya. Fidia ya nyumba si ofisi yake, iko ofisi nyingine, na huko wanasema inaangaliwa. Behewa la maji kwa taratibu zao ni la wafanyakazi wa reli. Wanakijiji hawamo. Lilisimama machimbo ya kokoto yalipofungwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba genge bado lipo. Kwa genge anaweza kutuma tangi dogo hata kesho. Kwa kijiji hana ruhusa, na akiandika kijiji ataulizwa yeye.

Nikamtazama Maganga. Yeye alikuwa ameshapata. Genge lake lingekunywa, wajukuu zake wangekunywa, na hakuna ambaye angemlaumu, maana sisi tungekuwa tumeshafika njia ya Gairo, lawama haifiki huko. Alikuwa anazungusha kofia mikononi. Kila niliyemtukana maisha yangu yote sikumwogopa kama nilivyomwogopa huyu dakika ile.

"Ndugu," akasema, "nisikudanganye. Ukileta maji hayo, hawa watayaiba."

"Wanakijiji?"

"Wote. Huyu bibi ndiye kiongozi wao."

Yule bwana akanitazama. Nikakaa vizuri, nikavaa uso wa mwizi.

"Na wewe mnyapara hutawazuia?"

"Nitawazuiaje? Ni watani wangu. Tangu mababu zetu wanapita na mizigo kwenda pwani, Mluguru akichukua cha Mnyamwezi, polisi haitwi. Nikimshitaki nitachekwa Tabora nzima, na nikifa atakuja huyu kulala kaburini mwangu."

"Wanaiba sana?"

"Mpaka tangi likauke. Tangi dogo vijana wangu hawatapata hata ya kunawa."

Yule bwana akatazama dari muda mrefu. Tuliozoea kungoja behewa tunajua kungoja, lakini kungoja kule kulikuwa kwa namna yake.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "tangi dogo halitawatosha wafanyakazi."

"Halitawatosha."

"Nitalazimika kuandika kubwa. Kwa sababu ya upotevu."

"Upotevu ni mkubwa, baba," nikamsaidia. "Mimi peke yangu ninapoteza ndoo mbili kwa siku."

Pius akafungua mdomo kueleza kwamba kijiji chetu si cha wezi, ni cha ujamaa. Nikamkanyaga kiatu.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na mawese. Tulirudi na ahadi tu, na ahadi za reli mnazijua, zimeshatoka Kilosa. Treni nzima Pius alikuwa na uchungu wa fidia, na ana haki. Nyufa zangu bado zipo, usiku naona nyota nikiwa kitandani. Ile ofisi nyingine tutaiendea mavuno yakiisha, tumeshakubaliana, na safari hii nitauliza kwanza mtu kwao ni wapi.

Lukwele tukangoja. Kiangazi kikakaza. Watu wakaanza kuniuliza kwa upole, na upole wao ulikuwa mbaya kuliko kusutwa. Mabwana wa wilaya wakaja na gari lao kutuhesabu tayari kwa Gairo. Walikuwa bado wanaandika nyumba ya tatu waliposikia treni inapunguza mwendo.

Tangi lilikuwa kubwa kama kanisa dogo. Likaachwa kwenye reli ya pembeni, linadondosha matone, na wanawake wote wakasimama na ndoo zao, hakuna anayesogea. Kuiba mchana, mbele ya serikali, wengi waliona haya. Maganga akasimama mbele ya bomba la tangi, mikono kifuani, akatangaza kwa sauti kwamba maji haya ni ya genge la reli na asiguse mtu.

Basi nikatangulia mimi. Nikampita kama mti, nikafungua, nikakinga ndoo. Akaanza kunitukana: mwizi wewe, mwizi mzee, mwizi wa mlimani, hata haya huna. Wanawake nyuma yangu wakaanza kucheka, nikasikia ndoo zinasogea.

Bwana mmoja wa wilaya akamuuliza Pius maji haya ni ya nani. Ya genge, Pius akasema. Na nyie mnafanya nini? Pius akatazama viatu vyake, kisha akainua kichwa, mtoto wa Agata, akajibu kwa sauti ya hotuba kwamba sisi tunaiba. Yule bwana akafikiri, akamtazama mwenzake, wakaifuta nyumba ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Ndoo yangu ikajaa mpaka mdomoni. Nikainama kuinyanyua, ikakataa kuondoka chini. Nikajaribu tena. Maganga akasema huu ndio ubaya wa Waluguru, wanaiba wasivyoweza kubeba. Akazunguka tangi, akashika ndoo kwa mikono miwili, akanitwisha, akaiweka sawa juu ya kata hata tone lisimwagike, na akaendelea kuniita mwizi mpaka nilipofika kwangu.